Galoni na Lita

Ukifungua kitabu kimoja cha hesabu utasoma kwamba galoni moja ni lita 3.785. Ukifungua kingine utasoma kwamba galoni moja ni lita 4.546. Usifikiri, msomaji, kwamba mmoja wa waandishi hao amekosea, wala usimlaumu mpiga chapa. Wote wawili wamesema kweli. Galoni ya kwanza ni ya Marekani, na ya pili ni ya Uingereza. Zina jina moja na ukoo mmoja, lakini hazina ujazo mmoja. Tofauti iliyopo kati yao yapita robo tatu za lita, na mtu anayenunua mafuta kwa galoni moja huku akilipa bei ya nyingine hupata hasara kubwa. Tena mwishoni mwa insha hii utaona kwamba watu 69 walikaribia kupoteza maisha yao kwa sababu vipimo viwili vilichanganywa.

Wanafunzi wengi hukariri hesabu hizi kwa ajili ya mtihani, kisha huzisahau. Si ajabu, kwa maana 3.785 ni namba isiyo na sura; haimwambii mtu lolote. Lakini namba hiyo ina asili yake. Ndani yake mna kodi ya malkia mmoja wa Uingereza, mna kesi ya mfanyabiashara wa divai, na mna mapatano yaliyofanywa na mataifa sita mwaka 1959. Mtu akiijua asili hiyo, hana haja ya kuikariri namba, maana anaweza kuitafuta mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kwanza yafaa tujiulize kipimo ni kitu gani. Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na hata leo twasema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha mji mmoja hakikulazimika kulingana na kibaba cha mji mwingine. Katika mji wao wenyewe watu hawakupata taabu, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi walikijua chombo kile kile. Taabu ilianza alipokuja mgeni na kibaba chake. Hapo ndipo tunapoona kwamba kipimo si chombo tu. Kipimo ni mapatano ya watu. Chombo ni shahidi wa mapatano hayo. Upande mmoja ukibadili mapatano na upande wa pili usibadili, jina la kipimo hubaki lile lile lakini maana yake imekwisha kugawanyika. Hayo ndiyo yaliyoipata galoni.

Zamani Waingereza walikuwa na galoni zaidi ya moja. Kulikuwa na galoni ya nafaka, galoni ya bia na galoni ya divai. Ile ya bia ilikuwa na inchi za ujazo 282, na ile ya divai ilihesabiwa kuwa na inchi za ujazo 231. Watu wengi hawakuona ubaya wa jambo hilo, kwa kuwa muuza bia hakuuza divai, na kila biashara ilikuwa na desturi zake. Lakini serikali ilitoza ushuru juu ya divai iliyotoka nchi za nje, na ushuru huo ulihesabiwa kwa galoni. Penye ushuru hapakosi ubishi.

Mwaka 1688 kilipimwa chombo cha galoni ya divai kilichotunzwa katika jumba la Guildhall mjini London. Watu walidhani kuwa kina inchi za ujazo 231, lakini kilionekana kuwa na inchi 224 tu. Wenye biashara na maofisa wa forodha walifadhaika, maana hawakujua tena galoni ya kweli ni ipi. Kisha mwaka 1700 mfanyabiashara mmoja aliyeingiza mapipa ya divai kutoka Hispania alishtakiwa kwamba amelipa ushuru pungufu. Serikali ilihesabu galoni zake kwa kipimo kidogo, na kwa hiyo ikapata galoni nyingi. Yeye alizihesabu kwa kipimo kikubwa, akapata galoni chache. Mbele ya mahakama mfanyabiashara huyo alijitetea kwa hoja nyepesi lakini yenye nguvu: kwamba hakuna sheria yoyote iliyosema kuwa galoni ya divai ni inchi za ujazo 231. Serikali ilitafuta sheria hiyo isiione, nayo ikaiacha kesi.

Bunge likatambua kwamba desturi peke yake haitoshi. Katika enzi ya Malkia Anne, ilitungwa sheria ya mwaka 1706 iliyosema kwamba galoni ya divai ni chombo cha mviringo chenye kipenyo cha inchi 7 na kina cha inchi 6, au chombo kingine chochote chenye inchi za ujazo 231. Sasa, msomaji, chukua kalamu yako. Nusu ya kipenyo cha inchi 7 ni inchi 3.5. Zidisha 3.5 kwa 3.5, upate 12.25. Zidisha kwa 22/7, ile pai unayoitumia darasani, upate 38.5. Zidisha kwa kina cha inchi 6. Jibu ni 231 barabara. Kwa kweli pai ni ndogo kidogo kuliko 22/7, na chombo cha namna hiyo kina inchi za ujazo 230.9 tu. Lakini watu wa Bunge la Malkia Anne waliitumia hesabu ile ile unayoitumia wewe, na namba waliyoipata ingali inatawala pampu za petroli za Marekani mpaka leo.

Ilifikaje Marekani? Makoloni ya Waingereza huko Amerika yalitumia vipimo vya Uingereza, kama yalivyotumia lugha yake na sheria zake. Yalipojitangazia uhuru mwaka 1776, yalimkataa mfalme lakini hayakutupa vibaba vyake. Katiba ya nchi hiyo mpya ililipa Bunge lake uwezo wa kuweka vipimo vya mizani na ujazo, ila kwa muda mrefu Bunge halikufanya neno. Thomas Jefferson, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alipeleka taarifa mwaka 1790 akishauri vipimo vinavyokwenda kwa makumi, lakini shauri lake halikufuatwa. Kila bandari iliendelea na vyombo vyake, na vyombo hivyo havikulingana.

Mambo yalirekebishwa na mtu mmoja aliyezaliwa Uswisi, Ferdinand Rudolph Hassler. Yeye aliagizwa kulinganisha vipimo vya ofisi za forodha, naye aliona jinsi vilivyohitilafiana. Mwaka 1832 Wizara ya Fedha ya Marekani ilikubali galoni moja kwa forodha zote, nayo ilikuwa ile galoni ya divai ya Malkia Anne yenye inchi za ujazo 231. Mwaka 1836 Bunge likaamuru kwamba kila jimbo lipelekewe vyombo sahihi vya kupimia.

Lakini angalia jambo la ajabu. Wakati Wamarekani wanaikubali galoni ya Malkia Anne, Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kuiacha. Mwaka 1824 Bunge la London lilifuta galoni zote za zamani, ya nafaka, ya bia na ya divai, likaweka galoni moja mpya kwa vitu vyote. Galoni hii haikupimwa kwa inchi, bali kwa uzito: ni nafasi inayojazwa na maji safi yenye uzito wa ratili 10, joto likiwa nyuzi 62 za Fahrenheit. Ilikuwa kubwa kuliko ya divai na ndogo kidogo kuliko ya bia. Hivyo ndugu wawili waliachana. Mdogo aliyehama nyumbani alikishika kikombe cha babu yao, na mkubwa aliyebaki nyumbani akanunua kikombe kipya.

Tangu siku hiyo galoni 6 za Marekani hukaribia sana galoni 5 za Uingereza. Lakini mtego haukuishia katika galoni. Pande zote mbili huigawanya galoni katika painti 8, kwa hiyo painti ya Marekani ni mililita 473 na ya Uingereza ni mililita 568. Painti ya Marekani hugawanywa katika wakia 16 za maji, na ya Uingereza katika wakia 20. Basi, ingawa galoni na painti ya Marekani ni ndogo kuliko za Uingereza, wakia yake ni kubwa zaidi kidogo: ya Marekani ni mililita 29.6, ya Uingereza ni mililita 28.4. Mtu asemaye kwamba vipimo vyote vya Marekani ni vidogo, amekosea. Ni lazima kila kipimo kiulizwe habari zake chenyewe.

Nasi huku Afrika Mashariki tulizipokea galoni zote mbili bila kujua. Wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa wakija Unguja tangu zamani, na mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na serikali yao. Walileta nguo ambayo mpaka leo twaiita merekani. Baadaye, mafuta yalipoanza kuchimbwa katika jimbo la Pennsylvania mwaka 1859, biashara ya mafuta ya taa ilienea duniani. Mafuta hayo yalisafirishwa katika makopo ya bati yenye pembe nne, mawili katika sanduku moja la mbao. Kila kopo lilikuwa na galoni 5 za Kimarekani. Kopo hilo ndilo debe, neno ambalo asili yake ni katika lugha za Bara Hindi. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Lilichotewa maji, lilipimiwa mahindi, lilikunjuliwa likaezekea nyumba.

Wakati wa utawala wa Waingereza, galoni ya sheria nchini Kenya ilikuwa ile ya ratili 10. Kwa kipimo hicho debe la Kimarekani lilikuwa na galoni 4 na sehemu moja ya sita, kwa hiyo watu walizoea kuliita debe la galoni nne. Kopo lilitengenezwa kwa mapatano ya nchi moja, na jina likatolewa kwa mapatano ya nchi nyingine. Ile sehemu ya sita iliyosahauliwa ni kiasi cha robo tatu za lita. Ni kitu kidogo mtu akihesabu debe moja, lakini katika madebe 100 ni karibu lita 75. Nani aliyefaidika na nani aliyepunjwa? Hilo lilitegemea nani alijua hesabu na nani hakujua.

Sasa tuiache galoni kidogo tuitazame lita. Ufaransa nayo ilikuwa na vipimo vingi, mji huu na vyake, mji ule na vyake, na wakulima walinung'unika kwamba mabwana wenye ardhi waliwapunja kwa vipimo hivyo. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalipotokea, wataalamu walitaka kipimo kisicho cha mfalme wala cha mji wowote, bali kilichochukuliwa katika dunia yenyewe. Delambre na Méchain walipima nchi tangu Dunkerque mpaka Barcelona, kazi iliyoanza mwaka 1792 na kumalizika mwaka 1798. Kwa kipimo hicho ilipatikana meta, iliyokusudiwa kuwa sehemu moja ya milioni kumi ya njia itokayo ncha ya kaskazini ya dunia mpaka ikweta. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 iliieleza lita kwa maneno machache: ni nafasi ya mchemraba ambao kila upande wake ni sehemu ya kumi ya meta. Kwa hiyo lita ni sentimita za ujazo 1,000, na lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja kamili. Hapa urefu, ujazo na uzito vimeshikana mikono.

Wafaransa walipenda Marekani ifuate njia hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1794 walimtuma Joseph Dombey, mtaalamu wa mimea, awapelekee Wamarekani mfano wa meta na mfano wa kipimo kipya cha uzito. Dhoruba iliisukuma merikebu yake mpaka visiwa vya Karibi. Baadaye alikamatwa baharini na maharamia, akafungwa katika kisiwa cha Montserrat, akafa huko kabla ya kuifikisha kazi yake. Wako wasemao kwamba, kama si dhoruba ile, Marekani ingalikuwa inapima kwa lita leo. Hadithi hiyo inapendeza, lakini usiiamini upesi. Mifano yenyewe ilifika baadaye, na Bunge halikubadili kitu. Mwaka 1821 John Quincy Adams aliliandikia Bunge taarifa ndefu. Alivisifu sana vipimo vya Kifaransa, lakini alishauri nchi isivichukue kwa wakati huo. Kilichoizuia Marekani si bahari, bali ni uzito wa mazoea. Kila pipa, kila chupa, kila hati ya shamba na kila fundi alikuwa amekwisha kukizoea kipimo cha kale, na gharama ya kubadili yote ilionekana kubwa.

Hata hivyo Marekani haikuikataa meta kabisa, kama watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1866 Bunge lake liliruhusu vipimo vya meta vitumike katika nchi nzima. Tarehe 20 Mei 1875 ilikuwa miongoni mwa mataifa 17 yaliyotia sahihi Mkataba wa Meta mjini Paris. Mwaka 1893 serikali yake ilitangaza kwamba tangu siku hiyo yadi na ratili zake zitahesabiwa kutokana na meta na kilo. Mwishowe, mwaka 1959, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilipatana kwamba inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Sheria ya mwaka 1975 ilitaka Wamarekani wabadili vipimo vyao kwa hiari, na kwa kuwa ilikuwa hiari, wengi hawakubadili. Ndiyo sababu leo katika duka moja la huko divai huuzwa katika chupa za mililita 750, na maziwa huuzwa kwa galoni.

Yale mapatano ya mwaka 1959 ndiyo ufunguo wa hesabu yetu. Chukua kalamu tena. Inchi moja ni sentimita 2.54. Inchi moja ya ujazo ni 2.54 mara 2.54 mara 2.54, yaani sentimita za ujazo 16.387064. Zidisha kwa 231 za Malkia Anne, upate 3,785.411784. Gawanya kwa 1,000, kwa kuwa lita ni sentimita za ujazo 1,000. Basi galoni ya Marekani ni lita 3.785411784, nawe umeipata bila kuikariri. Galoni ya Uingereza siku hizi imewekwa na sheria kuwa lita 4.54609 kamili.

Kwa kazi za kila siku hazihitajiki tarakimu zote hizo. Ukitaka kugeuza galoni za Marekani kuwa lita kwa haraka, zidisha kwa 4, kisha toa sehemu moja ya ishirini ya jibu lako. Kwa mfano, galoni 15 mara 4 ni 60. Sehemu ya ishirini ya 60 ni 3. Toa, upate lita 57. Hesabu kamili ni lita 56.8. Kama galoni hizo ni za Uingereza, zidisha kwa 4 na nusu, upate lita 67.5, na hesabu kamili ni lita 68.2. Unaona kwamba tangi lile lile laweza kuhitilafiana kwa lita 11 kwa sababu ya neno moja lisiloandikwa. Robo ya galoni ya Marekani, ambayo wao huiita kwarta, ni mililita 946. Kwa hiyo lita yaizidi kidogo tu. Na ukisoma kwamba gari la Kimarekani huenda maili 30 kwa galoni, ujue kuwa ni kilomita 12.75 kwa lita. Gari hilo hilo, likiandikwa katika gazeti la Uingereza, litasemwa kuwa huenda maili 36 kwa galoni. Gari halikupata nguvu mpya kwa kuvuka bahari. Ni galoni tu iliyokua.

Kipimo kingine cha Marekani kinachoigusa Kenya kila siku ni pipa la mafuta. Katika miaka ya 1860 wachimbaji wa Pennsylvania waliuza mafuta katika mapipa ya kila namna, mpaka walipopatana juu ya pipa la galoni 42. Mapipa yenyewe ya mbao yamekwisha zamani. Leo mafuta hupita katika mabomba na katika meli kubwa, lakini bei yake katika soko la dunia ingali inatajwa kwa pipa la galoni 42 za Kimarekani, yaani karibu lita 159. Mafuta yanayoshushwa Mombasa yanahusiana na bei hiyo ya pipa, na mwenye gari hulipa kwa lita. Kati ya pipa na lita pana kuzidisha na kugawanya, na anayeweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe anaweza kusoma habari za bei katika gazeti kwa akili yake mwenyewe.

Nilikuahidi habari za watu 69. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya shirika la Air Canada, safari namba 143, ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton kwa kupitia Ottawa. Kanada wakati huo ilikuwa inaacha vipimo vya kale na kufuata vya meta, na ndege hiyo mpya ilihesabu mafuta yake kwa kilo, ingawa ndege nyingine za shirika hilo zilihesabu kwa ratili. Saa zake za kuonyesha mafuta zilikuwa zimeharibika, basi mafuta yalipimwa kwa kijiti ndani ya matangi. Zilionekana lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Swali lilikuwa jepesi: lita 7,682 zina uzito gani, na ni lita ngapi zaidi zinazotakiwa?

Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa kilo 0.8 hivi, ambao ni sawa na ratili 1.77. Watu waliofanya hesabu walichukua 1.77. Walizidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata zaidi ya 13,500, wakaziita kilo. Lakini hazikuwa kilo, zilikuwa ratili. Kwa sababu hiyo waliongeza lita 4,900 hivi, ambapo zilihitajika zaidi ya lita 20,000. Ndege iliruka na chini ya nusu ya mafuta iliyoyahitaji. Ilipokuwa juu sana angani, kiasi cha futi 41,000, ndipo matatizo ya mafuta yalipoanza kuonekana, na baada ya muda injini zote mbili zikazimika. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, pamoja na mwenzake Maurice Quintal, waliiteremsha kama tiara mpaka katika kiwanja cha zamani cha jeshi mahali paitwapo Gimli. Kwa neema hakufa mtu hata mmoja. Wachache waliumia kidogo.

Fikiri kidogo juu ya kosa hilo. Kuzidisha kulikuwa sahihi. Namba 1.77 nayo ilikuwa sahihi, na ilikuwa imetumika siku nyingi bila madhara. Kilichokosekana ni jina la kipimo kando ya namba. Mwalimu wako anapokutoa alama kwa sababu umeandika 12 badala ya lita 12, usimwone mkali bure. Yeye anakufundisha jambo ambalo watu wazima, wenye elimu na kazi kubwa, walilisahau siku moja tu.

Kenya, baada ya kupata uhuru mwaka 1963, iliacha vipimo vya Kiingereza ikafuata vya meta, kama walivyofanya majirani zetu. Leo maziwa hununuliwa kwa nusu lita, petroli kwa lita, na mtungi wa maji una lita 20. Lakini usidhani kwamba vipimo vya zamani vimekufa. Debe na gorogoro vingali sokoni, na mnunuzi mwerevu hukitazama kitako cha chombo kama kimebonyezwa. Chupa ya dawa iliyotoka Marekani yaweza kuandikwa wakia, na mgonjwa anataka mililita. Mashine iliyonunuliwa huko itatajiwa mafuta yake kwa galoni, na fundi wa Nakuru au Kisumu atapaswa kujua ni galoni ya nani.

Kwa hiyo, msomaji, unapokutana na namba, usiulize tu ni ngapi. Uliza ni ngapi za nini, na kwa mapatano ya nani. Ukiona galoni, uliza ni ya Marekani au ya Uingereza. Ukigeuza, andika jina la kipimo unachotoka na jina la kipimo unachokwenda, kisha tazama jibu lako kama linaingia akilini. Galoni zikigeuzwa kuwa lita, hesabu ya lita lazima iwe kubwa zaidi. Ikiwa ndogo, umegawanya pale ulipopaswa kuzidisha. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Yule mfanyabiashara wa mwaka 1700 alishinda kesi kwa sababu alijua kuuliza galoni ni nini. Serikali nzima haikuwa na jibu.